Kuunda tarakilishi kwa mara ya kwanza: Mambo ya kuzingatiwa na mkazi wa Kwale

HEWA ya bahari inayowavutia wageni ufuoni Diani ndiyo hiyo hiyo inayokula mabati, bawaba za milango na minyororo ya baiskeli kuanzia Tiwi hadi Vanga. Tarakilishi nayo, ambayo wengi huiita kompyuta, haisazwi. Mashine iliyozoea kudumu miaka mingi katika ofisi ya Nairobi huweza kuota kutu ndani ya muda mfupi ikiwekwa kando ya dirisha linaloelekea baharini huko Msambweni.

Kwa sababu hiyo, mkazi wa pwani ya kusini anayekusudia kuunda tarakilishi yake mwenyewe hukabiliwa na maswali mawili ambayo maelekezo mengi, yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi zenye umeme usioyumba, hayayajibu. La kwanza, mashine hiyo itapata umeme wa namna gani? La pili, itapitisha hewa ya namna gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayopaswa kuamua jinsi fedha zitakavyogawanywa, kabla hata ya kufikiria kasi ya prosesa.

Jambo hili si la anasa. Kwa mwenye saiba Ukunda, Kinango au Lunga Lunga, tarakilishi ni kama mashua kwa mvuvi. Wateja humjia kujaza ritani za kodi za KRA, kuomba nafasi za vyuo kupitia KUCCPS, kutafuta huduma za serikali katika eCitizen na kuchapisha barua za kuomba kazi. Makataa ya ritani za kila mwaka za watu binafsi ni Juni 30, msimu wa kusi, mvua za masika zikiwa zimetoka kupungua. Mashine ikizimika juma hilo, mapato hupotea na wateja huhamia kwingine. Aghalabu mwenye mashine ameinunua kwa akiba ya muda mrefu, na hana ya pili ya kuishika nafasi yake.

Kwa nini vipuri huingiliana

Mnamo Agosti 1981, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa tarakilishi ya kibinafsi iliyoundwa kwa vipuri vya kampuni mbalimbali, na ambayo maelezo ya muundo wake yalichapishwa waziwazi. Muda si muda, viwanda vingine vikaanza kutengeneza vipuri vinavyoafikiana nayo. Mwaka 1995, kampuni ya Intel ilitoa kipimo cha ATX kinachoeleza ukubwa wa ubao mama, mahali pa matundu ya skrubu na umbo la pawa saplai. Ndiyo maana hadi leo kasha kutoka kiwanda kimoja hupokea ubao wa kiwanda kingine bila ya kukatwa wala kuchomelewa.

Faida kuu ya kujiundia ni kwamba kipuri kimoja kikifa, hicho pekee ndicho hubadilishwa. Hata hivyo, si kila mara njia hii huwa nafuu. Tarakilishi zilizotumika ofisini ng'ambo, zinazofahamika sokoni kama 'ex-UK', mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko vipuri vipya. Anayehitaji kuandika barua na kutumia intaneti tu huenda akatosheka nazo. Lakini baadhi ya mashine hizo zina pawa saplai na ubao wenye maumbo ya kiwanda chao pekee, hivi kwamba zikiharibika, kipuri cha kawaida hakiingii. Mnunuzi na aulize jambo hilo kabla ya kulipa.

Vifaa vinavyohitajika

Tarakilishi ya mezani huwa na sehemu kuu saba.

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote. Kwa kazi za saiba, ya kiwango cha chini au cha kati yatosha. Ni muhimu kuchagua yenye uwezo wa kutoa picha yenyewe, ili kuepuka gharama ya kadi ya picha. Prosesa za Intel ambazo jina lake huishia kwa herufi F hazina uwezo huo, na mwundaji asiyejua huishia kutazama skrini nyeusi.

Ubao mama ndio unaounganisha sehemu zote. Ni lazima uwe na kitako kinacholingana na prosesa iliyochaguliwa. Prosesa ya AMD haiingii katika ubao wa Intel, wala ya kizazi kimoja haiingii daima katika ubao wa kizazi kingine.

RAM ni kumbukumbu ya muda. Gigabaiti 8 ndizo za chini kabisa kwa matumizi ya leo, na 16 ni bora zaidi. Vibao vya aina ya DDR4 na DDR5 vina pengo mahali tofauti na haviwezi kubadilishana nafasi. Katika miezi ya mwisho ya 2025, bei ya RAM ilipanda kote duniani kutokana na mahitaji ya vituo vya akili mnemba, kwa hivyo ni vyema kuulizia bei yake kabla ya kupanga bajeti ya vipuri vingine.

Diski ndiyo inayohifadhi kazi. Diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, ina kasi kubwa na hustahimili mitikisiko kuliko diski ya zamani ya kuzunguka.

Kipoza joto na feni yake huondoa joto la prosesa. Pawa saplai hugeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti 12, 5 na 3.3 unaotumiwa ndani. Kasha ndilo linalobeba vyote. Juu ya hayo zipo skrini, kibodi na kipanya, ambavyo vinaweza kuwa vya mitumba bila ya madhara makubwa.

Umeme kwanza

Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Hiki ni kipimo cha vitabuni tu, kwani katika maeneo yaliyo mbali na transfoma, volti hushuka jioni watu wanapowasha vyombo vyao, kisha hupanda ghafla umeme urudipo baada ya kukatika. Aghalabu mashine huumia wakati huo wa kurudi kuliko wakati wa kuzimika. Mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme kwa saa nyingi, na katika vijiji vingi kukatika kwa muda mfupi ni jambo la kawaida msimu wa mvua.

Kwa hivyo, pawa saplai ndicho kipuri ambacho mwundaji wa pwani hapaswi kukifanyia ubahili. Pawa saplai duni ikifa, mara nyingine huandamana na ubao mama na diski. Iliyo nzuri huwa nzito mkononi, huandikwa kiwango cha volti inachoweza kupokea, na hubeba alama ya 80 Plus inayothibitisha kwamba haipotezi umeme mwingi kwa njia ya joto. Kwa tarakilishi isiyo na kadi ya picha, wati 350 hadi 450 za kweli zatosha.

Pawa saplai za zamani, hasa zilizotoka Marekani, huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma yenye maandishi 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 kisha ichomekwe katika soketi ya Kenya, hulipuka papo hapo. Swichi hiyo ikaguliwe kabla ya jambo jingine lolote.

Soketi nayo haiaminiki kwa kuitazama tu. Katika nyumba nyingine, tundu la tatu halikuunganishwa na waya wa ardhini, hali inayosababisha kasha kumpiga mtu shoti ndogo anapoligusa. Fundi wa umeme mwenye leseni anaweza kuipima kwa muda mfupi. Baada ya hapo, mwenye mashine anapaswa kuwa na kifaa cha UPS chenye uwezo wa kusawazisha volti. UPS ya VA 650 humpa mwenye tarakilishi moja dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza isichomekwe upande wa betri, kwa kuwa huvuta umeme mwingi kwa mpigo. Betri ya UPS hupungua nguvu kwa joto, hivyo kifaa hicho kisisukumwe nyuma ya kabati kusiko na hewa. Radi zinapopiga, kinga iliyo bora kuliko zote ni kuchomoa, pamoja na waya wa intaneti.

Anayehofia gharama anaweza kupiga hesabu kwa urahisi. Tarakilishi ya kawaida na skrini yake zikitumia wati 100 kwa saa 10, zitakuwa zimemaliza uniti moja ya tokeni.

Chumvi na unyevu

Matone madogo ya maji ya bahari hupeperushwa na upepo, hukauka angani na kuacha chembe za chumvi. Chembe hizo huvuta unyevu, na zikitua juu ya shaba ya ubao mama huanzisha kutu ya kijani. Kadiri nyumba ilivyo karibu na ufuo, ndivyo chumvi inavyozidi, na kusi ivumapo kwa nguvu hali huwa mbaya zaidi.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Kasha liwekwe mbali na dirisha la upande wa bahari, juu ya meza wala si sakafuni. Linunuliwe lenye vichujio vya wavu mbele ya feni, ambavyo vinaweza kutolewa na kuoshwa. Feni zisiwe nyingi kupita kiasi, kwani kila feni ya ziada huingiza chumvi na vumbi. Mashine inayotumika mara kwa mara hukauka kwa joto lake yenyewe. Ile inayokaa miezi mingi bila ya kuwashwa ndiyo huota kutu upesi. Ikilazimu kuiweka, ifungwe katika mfuko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya masanduku ya viatu na simu.

Mashine iliyotoka katika chumba chenye kiyoyozi isiwashwe mara moja ikiletwa kwenye joto la nje. Maji hutanda juu ya vyuma baridi kama yanavyotanda juu ya chupa ya soda. Iachwe saa kadhaa hadi ipate joto la chumba.

Kununua na kusafirisha

Baadhi ya vipuri hupatikana Ukunda, lakini anayetaka uteuzi mpana huvuka kivuko cha Likoni hadi kisiwani Mombasa, au huagiza kutoka maduka ya Nairobi kama yale ya barabara ya Luthuli. Urefu wa safari ni sababu ya kuwa mwangalifu, kwani kurudisha kipuri kisichofaa ni nauli na siku nzima.

Mnunuzi aandike orodha kamili: jina la prosesa, kitako cha ubao, aina ya RAM, ukubwa wa kasha. Adai risiti yenye namba ya kipuri na muda wa dhamana, na aulize ni nani hugharamia usafiri iwapo kipuri kitakataa kuwaka. Ubao mama ukaguliwe dukani kwa mwanga. Kwenye kitako cha Intel, pini moja iliyopinda yatosha kuuharibu. Iwapo mashine imeunganishwa Mombasa na kusafirishwa kwa matatu, kipoza joto kizito kifunguliwe kwanza au kasha lilazwe ubavu, kwani mitikisiko ya njiani huweza kukivuta na kuuvunja ubao.

Kuunganisha hatua kwa hatua

Kazi hii yahitaji bisibisi moja ya msalaba, meza ya mbao, mwanga wa kutosha na saa mbili au tatu za utulivu. Mwundaji asikalie zulia. Unyevu wa pwani hupunguza umeme tuli unaoua vipuri katika nchi kavu, lakini hauuondoi, hivyo aguse chuma kitupu cha kasha kila baada ya muda. Adui wa pili ni jasho, ambalo nalo ni maji ya chumvi. Vipuri vishikwe kingoni, na mikono ikaushwe kwa taulo.

Kwanza, ubao mama uwekwe juu ya sanduku lake la kadibodi. Wenzo wa kitako uinuliwe, alama ya pembetatu iliyo kwenye kona ya prosesa ilinganishwe na iliyo kwenye kitako, kisha prosesa iachwe iketi kwa uzito wake. Haisukumwi. Ikikataa kuketi, imegeuzwa vibaya.

Pili, vibao vya RAM vipachikwe kwa kulinganisha pengo, na kubonyezwa hadi sauti ya kufunga isikike. Vikiwa viwili katika ubao wenye nafasi nne, mara nyingi huenda nafasi ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Kijitabu cha ubao ndicho hakimu. Diski ya SSD ya umbo la M.2, ambayo hufanana na kipande cha chingamu, huingizwa kwa mshazari kisha hulazwa na kufungwa kwa skrubu moja.

Tatu, krimu ya kupitisha joto ipakwe juu ya prosesa kiasi cha punje ya choroko. Baadhi ya vipoza joto huja vikiwa tayari vimepakwa, na hivyo haviongezwi nyingine. Kipoza kifungwe kwa kukaza skrubu za pembe zinazotazamana kidogo kidogo, na waya wa feni uchomekwe kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN. Kuusahau waya huo ni kuichemsha prosesa.

Nne, ndani ya kasha vifungwe vijiguzo vya chuma vinavyouinua ubao, mahali palipo na matundu ya ubao pekee. Kijiguzo kilichozidi hugusa saketi za chini na kusababisha shoti. Kibati cha nyuma cha matundu kipachikwe, kama hakikuja kimeshikana na ubao, kisha ubao uwekwe na skrubu zikazwe bila ya kutumia nguvu.

Tano, pawa saplai ifungwe na nyaya zake ziunganishwe: ule mpana wa pini 24, na ule wa prosesa wenye pini 4 au 8 karibu na kona ya juu. Wageni wengi wa kazi hii huusahau huo wa pili, na mashine huzungusha feni bila ya kuonyesha picha. Nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia na taa za mbele zifuate mchoro wa kijitabu. Kitufe hakijali upande, lakini taa zikigeuzwa haziwaki.

Pawa saplai yenyewe isifunguliwe kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake mna vipuri vinavyohifadhi umeme wa kuweza kuua.

Kuwasha mara ya kwanza

Mashine iwashwe kasha likiwa wazi. Ikiwaka, mwundaji aingie katika BIOS, mara nyingi kwa kubonyeza kitufe cha Del au F2, ahakikishe kwamba RAM yote inaonekana na kwamba joto la prosesa halipandi bila ya kukoma.

Isipoonyesha picha, asikate tamaa. Azime, achomoe, kisha akague waya wa prosesa, atoe na kurudisha kibao kimoja tu cha RAM, na ahakikishe kuwa skrini imechomekwa mahali panapostahili. Kasoro nyingi za siku ya kwanza huishia hapo. Kukiwa na harufu ya kuungua, soketi izimwe papo hapo na fundi aitwe.

Kuhusu mfumo wa uendeshaji, Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, nayo Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Mwenye ubao wa zamani anaweza kutumia Linux, ambayo haina ada. Wazungumzaji wa Kiswahili si wageni katika uwanja huo. Katika miaka ya 2000, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitafsiri programu za ofisi na kuzipa jina la Jambo OpenOffice.

Matunzo

Vichujio vioshwe kila mwezi. Kila baada ya miezi mitatu, kasha lifunguliwe na vumbi liondolewe kwa brashi laini, feni zikiwa zimeshikwa zisizunguke. Alama za kijani zikionekana kwenye viunganishi vya RAM, zipanguswe kwa kitambaa chenye alkoholi safi, wala si kwa maji.

Kipuri kilichokufa kisichomwe moto ili kupata shaba, kwa kuwa moshi wake una sumu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawapa wazalishaji na waagizaji wa bidhaa jukumu la taka zitokanazo nazo, na wapo mafundi wanaonunua mbao mbovu kwa ajili ya vipuri vyake.

Mwisho, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye tarakilishi aweke kitabu kidogo chenye namba za vipuri, tarehe za kununua, risiti na siku ya usafi wa mwisho. Dhamana ikihitajika Mombasa, kitabu hicho ndicho kitakachovuka naye Likoni.